Idete: Nauli Inapopanda Pamoja na Mvua

Wengi wetu tunalijua bonde la Kilombero kwa mchele wake. Lakini ni wachache waliowahi kufika Idete, kijiji cha wakulima wa mpunga upande wa magharibi wa mji wa Ifakara, mahali ambapo milima ya Udzungwa huonekana kwa mbali kama ukuta wa buluu. Sisi wauguzi tunalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Watoto wa Idete walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994.

Nimekwenda huko mara kadhaa na wanawake wenzangu wa kanisa kuwatembelea wajawazito na waliojifungua. Wakati wa kiangazi safari si ngumu. Shida ni vumbi tu, nawe unajifunga khanga kichwani na kuendelea. Masika yakiingia, mambo hubadilika. Maji hujaa mabondeni, njia huwa tope, na pikipiki husukumwa zaidi ya kuendeshwa. Tena huo ndio wakati familia nyingi zimehamia kwenye vibanda vya shambani ili kupalilia na kulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Kwa hiyo mama mjamzito huwa mbali zaidi na zahanati wakati ule ule ambao njia ni mbaya kuliko nyakati zote.

Hapo ndipo nauli inapopanda. Mabasi na daladala yana nauli iliyopangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, lakini bodaboda ni mapatano ya abiria na kijana mwenye pikipiki. Mchana wa jua bei ni moja. Usiku wa mvua ni nyingine kabisa. Akina mama wa Idete walinieleza kwamba mwenye uchungu hana nafasi ya kupatana. Mume anaposema, “Punguza kidogo,” dakika zinakwenda.

Jambo hili halipo kijijini peke yake. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi nchini mwetu waligoma wakipinga sharti la kurudi chuoni kila wanapotaka kuhuisha leseni, na mwanzoni mwa Mei wakagoma tena. Abiria walikwama vituoni, na wenye bodaboda na bajaji wakapandisha bei. Bonde la Kilombero nalo limeonja mgomo: mwaka 2014 wafanyakazi wa TAZARA, reli ipitayo Ifakara na Mlimba, waliacha kazi wakidai mishahara yao, treni zikasimama.

Mwaka 2016 Uber ilifika Dar es Salaam, na baadaye zikaja programu nyingine za kuita gari kwa simu. Humo bei hupandishwa na kompyuta: waombao usafiri wakizidi madereva walio karibu, nauli huongezeka yenyewe. Wenye programu husema bei kubwa huwavuta madereva waje panapohitajika. Serikali nayo iliingilia kati. Mwaka 2022 LATRA ilipunguza kamisheni ambayo kampuni huwakata madereva hadi asilimia 15, Uber ikasitisha huduma mwezi wa Aprili, kisha ikarudi Januari 2023 baada ya kiwango hicho kuongezwa hadi asilimia 25.

Tusiwe wepesi wa kumhukumu kijana wa bodaboda. Petroli inayoliwa na tope ni nyingi, mnyororo hukatika, naye anahatarisha maisha yake gizani. Anastahili ujira wa kazi ngumu. Lakini kulipwa kwa kazi ngumu ni jambo moja, na kumkamua mtu kwa kuwa hana njia nyingine ni jambo jingine. Mwenye haraka ya kwenda harusini anaweza kuahirisha safari au kutembea. Mama anayetokwa damu hawezi.

Katika uuguzi tunafundishwa kwamba mama mzazi hupoteza maisha kwa kucheleweshwa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nauli inaingia katika mbili za kwanza, kwa maana familia isiyo na fedha mkononi hukawia hata kuamua.

Kwa sababu hiyo nimeufurahia mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Unapiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji anauliza dalili, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anamwita dereva wa jirani aliyeandikishwa. Malipo ya dereva yanajulikana mapema kulingana na umbali, naye hulipwa kwa simu, si na mgonjwa. Mpango huu ni kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kumbe basi simu ile ile inayopandisha bei mjini inaweza pia kuizuia isipande.

Hata hivyo dereva haruki juu ya maji. Basi, mama mwenzangu, tahadhari kabla ya athari:

Ijue tarehe yako ya matarajio, na kama inaangukia masika, rudi kijijini au sogea kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki chache kabla.

Andika 115 mahali ambapo hata mtoto mkubwa ataiona.

Elewana mapema na vijana wawili wa bodaboda, bei ya mchana na ya usiku, mbele ya mume au mama mkwe.

Weka akiba ndogo ya safari isiyoguswa kwa chumvi wala sabuni.

Ukiona damu, kichwa kuuma sana, degedege, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza tumboni, usingoje kuche.

Na vikundi vyetu vya akina mama visichangie harusi na misiba tu. Mfuko mdogo wa nauli ya uzazi, unaotunzwa na mtu mwaminifu, ungeweza kumtoa mama mmoja shambani usiku wa mvua bila mtu kusimama mlangoni akipatana bei.