Kona haitaki roho ngumu, inataka macho

Wiki hii naomba tuyaweke kando mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumze habari ya pikipiki. Usigeuze ukurasa dada yangu, na wewe yanakuhusu. Hata kama huendeshi, unapakiwa.

Kuna msemo umetawala vijiweni kwetu. Muulize kijana yeyote mwenye pikipiki ni kitu gani kinachotakiwa ili mtu akate kona vizuri, atakujibu bila kufikiri: "Roho!" Eti kona inataka roho. Mwenye roho anaingia kama alivyo, analaza chombo, anatokea upande wa pili huku washikaji wanapiga miluzi. Asiye na roho anapunguza mwendo, na akipunguza anaitwa majina. Mimi ambaye ni msichana, na naendesha tangu nilipomaliza Kidato cha Nne, nimeambiwa zaidi ya hapo: kwamba roho yenyewe inayotakiwa ni ya kiume, hivyo nisijisumbue.

Leo nataka kuubishia msemo huo, na ushahidi ninao.

Ushahidi wa kwanza ni mshikaji wetu mmoja wa mtaani, ambaye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Jina namhifadhia. Kama kuna mtu aliyejaliwa roho, basi ni yeye. Kona za Pugu, ile njia ya kwenda Kisarawe, alikuwa anazikata kama anakata keki. Siku moja mwaka 2021 akakutana na lori katikati ya kona, limekula nusu ya upande wake. Nafasi ya kupita ilikuwepo, mwenyewe anakiri. Lakini anasema macho yake yaliganda kwenye mtaro. "Nilikuwa nautazama mtaro nisiingie, na ndimo nilimoingia." Leo ana vyuma mguuni na ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Roho anayo vilevile. Mguu ndio haukurudi kama ulivyokuwa.

Tangu siku ile nikapata ugonjwa wa kona. Barabara ikinyooka mimi bingwa, ikipinda tu mchecheto unanipanda: mabega yanasogelea masikio, vidole vinakaza, pumzi inakata. Mama akawa ananiimbia kila siku niiuze hiyo pikipiki. Lakini pikipiki hiyo ndiyo ninayopelekea mizigo ya wateja, na ndiyo inayonilisha. Kalamu peke yake, msomaji wangu, hailipi kodi ya chumba.

Basi Julai 2023 nikasafiri kwenda Johannesburg kumsalimia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni fundi pikipiki huko Sauzi. Nikakuta yeye na wenzake wana mchezo wao: wanalipia siku nzima kwenye uwanja wa mashindano ulioko nje ya jiji, wanakwenda kujifunza. Hakuna kombe wala zawadi. Akaniambia nijiandae, Jumapili na mimi naenda.

"Kaka, mimi huko siendi. Kona za Pugu zenyewe zimenishinda."

"Ndiyo maana unakwenda, mdogo wangu. Pugu kuna malori. Kule hakuna lori, hakuna mbuzi, hakuna mchanga kwenye lami, na wote mnaelekea upande mmoja. Kuna wewe na kona, basi."

Wenzetu kule mchezo huu wanao kwenye damu. Brad Binder, kijana wa Potchefstroom, alishinda mbio za MotoGP kule Brno mwaka 2020, akawa Msauzi wa kwanza kushinda katika daraja hilo la juu. Na ni katika uwanja wa Phakisa, mjini Welkom, ambako Valentino Rossi alishinda mwaka 2004 katika mbio zake za kwanza akiwa na Yamaha. Kwa hiyo ukifika uwanjani utakuta mpaka wazee wenye mvi wamevaa ngozi kuanzia shingoni hadi miguuni.

Na mimi nikavalishwa. Nguo ya kuazima, ngumu kama ubao, natembea kama bata. Pikipiki ilikuwa ya kaka, Yamaha R3 yenye injini ya CC 321. Kabla ya kuingia inakaguliwa: breki, tairi, mnyororo, mafuta yasivuje, taa zinazibwa kwa gundi ya karatasi ili zikivunjika vigae visimwagike njiani. Halafu mnagawanywa makundi matatu kwa kasi, wageni kwa wageni, kila kundi na zamu yake ya dakika 20. Bendera ya njano, mbele kuna hatari. Nyekundu, punguza mwendo, wote rudini. Gari la wagonjwa limeegeshwa pembeni mchana kutwa. Nikawaza, watu wa roho ngumu hawa mbona wana tahadhari kuliko mama yangu?

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kushindana ujanani. Aliniuliza swali moja tu: "Unaogopa nini?" Nikamjibu kuanguka. Hakunicheka, wala hakuniambia nijikaze. Akasema hofu ni kitu kizuri, kinachoua ni yale ambayo hofu inayaamrisha. Ikikushika ndani ya kona inaamrisha mambo matatu: macho yagande, mikono ikaze, na mafuta yakatwe ghafla. Yote matatu yanaisukuma pikipiki kule kule unakokuogopa. Dawa yake si roho. Dawa ni kuyapa macho, mikono na mafuta kazi nyingine ya kufanya.

Msomaji wangu, hapo nikamkumbuka mshikaji wangu na mtaro wake, nikanyamaza.

Kazi ya kwanza ni ya macho. Pikipiki hufuata unakotazama. Kabla hujaingia tazama sehemu ya ndani kabisa ya kona, na kabla hujaifikia macho yawe yameshahamia kwenye mlango wa kutokea. Geuza kichwa chote, usiibie kwa pembe ya jicho. Walitupangia koni kwenye lami: ya kwanza hapa unaanza kugeuka, ya pili hapa unapita kwa ndani, ya tatu hapa unatokea. Nje, ndani, nje. Ukiifuata njia hiyo, kona inayotisha inakuwa kama imenyooshwa.

Kazi ya pili ni mwendo, na huo unamalizwa kabla ya kona. Hapa kuna hesabu ambayo vijiweni hatuisemi. Ukikata kona ileile kwa mwendo mara mbili, tairi linadaiwa nguvu mara nne. Hata ukitoka 50 ukaingia na 60, umeongeza moja ya tano tu, lakini tairi linadaiwa karibu nusu zaidi. Na tairi lina mshiko mmoja, wa kugawana kati ya breki na kugeuka. Ukiutumia wote kwenye breki, wa kugeukia utautoa wapi? Ukishaingia, vuta mafuta taratibu, kidogo kidogo, bila kukata. Uzito unarudi nyuma, shokomzoba zinatulia, chombo kinashika njia yake. Ukikata ghafla uzito wote unaangukia tairi la mbele na pikipiki inatanuka kuelekea nje.

Kazi ya tatu ni ya mikono, na hii iliniacha mdomo wazi. Kwenye mwendo, ukitaka kwenda kushoto unausukuma mbele usukani wa kushoto. Ndiyo, wa kushoto huohuo! Tairi linageukia kulia kidogo sana, chombo kinalalia kushoto, ndipo kinapinda. Wote tunafanya hivyo kila siku bila kujua. Hata Wilbur Wright, ambaye kabla ya ndege alikuwa akitengeneza baiskeli na nduguye, alishaligundua: waendesha baiskeli hawajui kwamba ili wakate kushoto huanza kwa kugeuza kulia. Faida ya kujua ni kwamba ukiona kona inakubana hubaki kuomba dua peke yake, unajua pa kusukuma. Ila mikono yenyewe iwe laini. Jishikilie kwa magoti kwenye tangi, usukani ushike kama umeshika kifaranga: asitoroke, na asife.

Zamu ya kwanza tulizunguka kwa gia moja, bila kugusa breki isipokuwa ya dharura. Asubuhi ya Julai kule ni baridi, na tairi baridi halishiki, kwa hiyo mwendo ulikuwa wa harusi. Zamu ya pili nikaanza kuzisoma koni. Nikagundua nikizitazama tu, mabega yanashuka yenyewe.

Zamu ya tatu ndipo mtihani ulipokuja. Kulikuwa na kona ndefu ya kulia. Mbele yangu alikuwepo kaka mmoja wa kundi letu la wageni, ana mwili kama mlango na pikipiki kubwa kuliko yangu mara mbili. Akaingia kwa kasi, akakaza mikono, nikamuona anatanuka, anatanuka, mpaka akatoka nje ya lami akazama kwenye changarawe. Vumbi! Macho yangu yote yakataka kumfuata. Mwili mzima ulitaka kutazama lile vumbi, na nilijua nikilitazama sekunde mbili na mimi nitakuwa ndani yake.

Nikageuza kichwa kulia, nikaitafuta koni ya tatu. Mkono wa kulia nikausukuma kidogo. Pikipiki ikalala, ikapinda, ikanitoa salama kama imetumwa. Mbele yangu bendera ya njano ilikuwa inapepea, nikapunguza. Yule kaka alishasimama, anajikung'uta, mzima. Goti langu halikugusa lami, na wala sikulitafuta. Lakini ndani ya helmeti, msomaji, nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Jioni kaka akaniuliza, "Enhe, mdogo wangu, roho umeipata?" Nikamwambia, "Roho ni ileile niliyokuja nayo, kaka. Macho ndiyo mapya."

Sasa nisije nikaandikwa kwamba nimewafundisha watu kufanya mashindano Barabara ya Morogoro. Mambo mengine yaache uwanjani. Ile nje-ndani-nje ni ya lami yote. Barabarani wewe una upande wako tu, na ukiutanua kwenye kona ya kulia unampelekea dereva wa lori kichwa chako. Kulaza chombo mpaka magoti yaguse, waachie wakina Márquez wanaolala kupita digrii 60 kwenye lami safi na tairi maalumu. Zetu zina mchanga, mafuta ya daladala na shimo lililochimbwa jana usiku. Wewe chukua matatu: maliza kupunguza kabla ya kona, tazama unakotaka kutokea, legeza mikono.

Mimi Jumapili asubuhi natafuta kiwanja kitupu, napanga chupa za maji badala ya koni, nazunguka kilomita 20 kwa saa. Vijana wa kijiweni walinicheka wiki mbili. Wiki ya tatu wawili wakaja na pikipiki zao, eti wanapita tu. Mmoja akaniuliza pole pole, wenzake wasisikie, "Dada, hivi ile ya kusukuma usukani ikoje?" Nikamwonyesha.

Usione aibu kupunguza, ndugu yangu. Atakayekuita mwoga hatakuja kukulisha uji wodini. Na wewe unayepakiwa, dereva wako akianza kukuonyesha roho yake kwenye kona, mgonge begani ushuke. Nauli utapata nyingine.

Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, turudi kwenye mapenzi yetu. Huko nako kuna kona zake.