Viputo Vidogo Vilivyookoa Kodi Yetu

Wapo wanaogombana kwa sababu ya meseji za usiku wa manane. Sisi tuligombana kwa sababu ya hewa ukaa. Usicheke, mpenzi msomaji, soma kwanza.

Tunaishi Kariakoo, chumba na sebule. Mume wangu anafanya kazi bandarini, zamu ya usiku. Mimi niko ofisini Posta mchana kutwa. Tunaonana asubuhi na jioni, na wote tuna haraka. Kitangi cha samaki cha lita 40 pale sebuleni ndicho kijiwe chetu. Tunakaa mbele yake, tunakunywa chai, tunapiga stori.

Kasheshe ilianza mimea ya kitangini ilipodorora. Mmea wa majini hutumia mwanga na hewa ukaa kujitengenezea chakula, na penye taa kali hewa hiyo huwa haitoshi. Mwenzangu alikuwa ameshaunga chupa ya sukari na hamira. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, na hewa inapita kwenye mpira wa dripu hadi majini. Bado majani yakawa ya njano. Akaja na hesabu ya kuagiza mtungi wa gesi kutoka nje. Pesa? Ile ya kodi, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo!

"Mke wangu, mimea inakosa hewa."

"Hewa ipo, mume wangu. Inapotea tu. Hebu angalia."

Viputo vilikuwa vikubwa kama maharage. Vinapanda fasta, vinapasuka juu, hewa yote inaishia sebuleni. Kiputo kikubwa hakikai majini muda wa kutosha kuyeyuka. Ukikigawa kuwa vidogo vingi, hewa ileile inagusana na maji sehemu nyingi zaidi, na vidogo hupanda polepole.

Basi tukaichomeka ncha ya mpira kwenye tundu la pampu ya chujio linalovuta maji, chini kabisa. Mapanga ya pampu yakavisaga viputo vikawa kama ukungu. Tundu la kutolea maji tukalielekeza chini kidogo, maana maji yakitibuka sana juu, hewa inatoroka. Gharama: sifuri. Baada ya wiki chache majani mapya yakachomoza, mabichi kweli kweli.

Ila hamira hailali. Taa ikizimwa mimea haitumii tena hewa ukaa. Nayo inavuta oksijeni kama samaki. Kwa hiyo usiku mimi nautoa mpira majini, na asubuhi yeye akirudi kazini anaurudisha taa ikiwashwa. Umeme ukikatika, tunautoa pia. Mpira hatuukunji wala kuufunga, kwani chupa inaweza kujaa hewa ikapasuka. Na ukiona samaki wanahema juu ya maji, hewa imezidi: toa mpira, yatibue maji.

Kodi ililipwa kwa wakati. Zamu hazijabadilika, lakini kila asubuhi nikiamka nakuta mpira umesharudi majini, najua mwenzangu kafika salama.

Kwa hiyo wapenzi, kabla hamjagombana kuhusu kuongeza, kaeni pamoja muangalie kile mlichonacho kinavujia wapi.