Mabalozi Wasiotumwa

Sisi tunaosoma lugha huku Lubumbashi tuna neno moja ambalo halituachi tukae kwa heshima darasani: balozi. Katika Kiswahili sanifu, balozi ni mtu aliyetumwa na nchi yake kuiwakilisha ugenini, na wingi wake ni mabalozi. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, balozi ni wingi wa mulozi, yaani wachawi. Mwambie mama wa sokoni kwamba msichana fulani wa Korea ni balozi wa Dior, naye atakuuliza kwanza amemloga nani.

Maneno haya mawili hayana undugu. La kwanza limetoka mbali: wataalamu wa asili ya maneno hulifuata hadi balyoz la Kituruki, na kutoka hapo hadi bailo, cheo cha mjumbe wa Venice aliyekaa Istanbul. La pili ni la Kibantu, mtoto wa kitenzi kuloga, ambacho hata kamusi za Kiswahili sanifu zinakijua. Lakini kadiri ninavyosoma jinsi nyumba kubwa za mitindo zinavyofanya kazi, ndivyo ninavyoona kwamba swali la mama wa sokoni ndilo lenyewe.

Chukua kundi la BLACKPINK. Kufikia mwaka 2021, kila mmoja wa wasichana wake wanne alikuwa na nyumba yake: Jennie alikuwa wa Chanel, Jisoo wa Dior, Rosé wa Saint Laurent, Lisa wa Celine. Hawakuitwa watangazaji wa biashara. Waliitwa mabalozi, na jina hilo lina kazi yake. Mtangazaji anakuambia ununue. Balozi hakuambii neno. Anakaa mstari wa mbele kwenye maonyesho ya Paris, anashuka kwenye gari, anapigwa picha, na mamilioni ya vijana wanaompenda wanajaza wenyewe yale asiyoyasema. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ustadi wa nyumba hizi ni kukitembeza kitu dunia nzima huku kikionekana kimekaa nyumbani kinajiuza.

Ustadi huo una hofu yake, na hofu hiyo ni ya zamani. Louis Vuitton alifungua duka lake la masanduku Paris mwaka 1854. Mwaka 1896 mwanawe Georges alibuni ile chapa ya herufi L na V zilizopishana na maua, ili kuwashinda waigaji. Matokeo yake tunayajua: chapa iliyobuniwa kuzuia kuigwa ni miongoni mwa zinazoigwa zaidi duniani. Burberry ya Uingereza ilipata hofu ya aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mistari yake ya rangi ya mchanga ilivaliwa sana na vijana wa mitaa ya kawaida na washabiki wakorofi wa mpira. Watu wengi kuvaa jina lako, kwa mfanyabiashara wa chumvi, ni baraka. Kwa Burberry ilikuwa msiba, na kofia za mistari hiyo zikaondolewa madukani. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba katika mwaka mmoja wa hesabu kampuni hiyo iliharibu bidhaa zake za thamani ya pauni milioni 28.6, ili zisije zikauzwa kwa bei ya chini. Baada ya kelele za watu, mwaka huohuo ikatangaza kuacha. Ufaransa nayo ilitunga sheria ya kukataza kuharibu nguo ambazo hazikununuliwa, na katazo hilo lilianza kufanya kazi mwaka 2022.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hiyo. Nyumba inawataka vijana, kwa sababu wazee hawataishi milele, lakini haitaki kila kijana. Basi inajenga ngazi. Juu kabisa kuna gauni ambalo wachache tu hulinunua. Chini kuna manukato, rangi ya midomo, miwani na mkanda. Binti anayenunua chupa ndogo ya manukato ananunua kipande cha jina la gauni asilolipata. Ili vijana waendelee kuitazama ngazi hiyo, nyumba zimewapa usukani watu wanaosema lugha yao. Mwaka 2018 Louis Vuitton ilimpa Virgil Abloh, Mmarekani mweusi mwenye wazazi kutoka Ghana, kuongoza mavazi yake ya kiume. Alipofariki mwaka 2021, kiti kilibaki wazi hadi 2023, akapewa Pharrell Williams, mwanamuziki.

Sasa turudi kwetu, maana historia hii ina sura ya Kikongo ambayo haiandikwi katika ripoti za kampuni. Zamani za Mobutu, suti na tai vilipigwa marufuku na wanaume wakavalishwa abacost, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuipinga suti. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Kinshasa na Brazzaville waliifanya nguo ya Ulaya kuwa sanaa, wakajiita wasapeur. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, alizipeleka nguo hizo jukwaani, na majina ya washonaji yakaingia katika nyimbo kama majina ya wapenzi. Stervos Niarcos alikwenda mbali zaidi: alitangaza dini ya kitendi, yaani dini ya nguo. Tangu afariki Paris mwaka 1995, wafuasi wake hukusanyika kila mwezi wa pili kwenye kaburi lake huko Gombe, kila mmoja amevaa alicho nacho bora.

Je, hao hawakuwa mabalozi? Viatu vya J.M. Weston vilitajwa katika mitaa ya Bacongo na Matonge na watu ambao nyumba hiyo haikuwatuma wala haikuwalipa. Msapeur hakai kimya kama yule msichana wa mstari wa mbele. Anafungua koti kuonyesha kitambaa cha ndani, anainua mguu, analitaja jina kwa sauti. Kwa macho ya mwanafunzi wa isimu, jina la nguo kinywani mwake halibaki nomino ya pekee. Linakuwa kiarifu: linasema jambo juu ya aliyelivaa. Na nyumba za mitindo ziliona. Paul Smith wa Uingereza alichukua picha za wasapeur wa Brazzaville, zilizopigwa na Daniele Tamagni, akazifanya msingi wa mavazi yake ya majira ya kiangazi ya 2010. Harlem huko Marekani ni vivyo hivyo: Dapper Dan alifungua duka mwaka 1982, akashona nguo zake kwa chapa za nyumba kubwa bila ruhusa, na likafungwa mwaka 1992 kwa kuandamwa na nyumba hizo. Mwaka 2017 Gucci ikaonyesha koti lililofanana mno na lake la zamani. Watu wakapiga kelele, na mwaka uliofuata Gucci ikashirikiana naye kufungua karakana palepale Harlem. Kwa hiyo asiyetumwa anaweza siku moja kupewa hati. Ila kwanza alipe mwenyewe, na alipe kwa miaka.

Nyumbani kwetu malipo hayo yana sura ninayoijua. Mama anauza mitumba katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mwaka jana mdogo wangu, akiwa darasa la sita la sekondari, alichukua sehemu ya pesa zilizowekwa kwa ajili ya mtihani wa serikali, akanunua mkanda wenye bizimu ya herufi za nyumba moja kubwa. Mama alipojua hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ule mukaba njo utaenda kuandika mutihani?" Siku ya pili akauza robota zima kwa bei ya hasara, ili pesa itimie kabla ya orodha ya watahiniwa kufungwa.

Nilimkalisha mdogo wangu nimseme. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Yaya, wewe unasomea maneno. Mimi nikipita shuleni, watu wananisoma kabla sijasema kitu. Unataka wasome nini?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo. Ni rahisi kumwita mjinga, na wazee wengi wanawaita hivyo vijana wa aina yake. Lakini mjinga hajui kwamba nguo inasema. Yeye anajua vizuri, kama walivyojua wasapeur chini ya abacost. Kinachoniuma ni kwamba sentensi yake imetungwa na watu waliokwisha kuamua kwamba hatakuwa msomaji wao. Ngazi ile ilipangwa kwa binti wa Seoul au kijana wa Atlanta. Huku kwetu imefika kivuli chake tu, nacho kimetosha kumpandisha mtu kwa pesa za mtihani.

Ninasema kivuli kwa sababu ya jambo ambalo mama aliniambia mimi peke yangu. Aliugeuza ule mkanda mara moja, akaupitisha kidole gumba kwenye mshono, akaurudisha mezani. Ulikuwa wa kuigwa. Miaka ishirini ya mitumba imemfundisha kusoma uzi, zipu na pindo bila kuangalia jina. Wanyarwanda huita nguo hizo caguwa, kutoka kuchagua kwetu, na sijapata neno linaloeleza vizuri zaidi ujuzi wa mama: jina linakuja mwisho, kwanza mkono unachagua.

Mdogo wangu alifanya mtihani na akafaulu. Siku hizi kila Jumamosi anafungua robota pamoja na mama, na anajifunza upesi. Juzi nilimwona amekaa pembeni ya meza, ameuvua mkanda, anaupitisha kidole gumba kwenye mshono polepole, kama mama. Hakusema kitu. Akauvaa tena, akaendelea kupanga mashati.