Maji ya kisima yalivyotutia hasara kwenye vioo

Leo naacha kidogo habari za mbegu. Mpwa wangu alianza kazi ya kuosha madirisha ya maduka na ofisi hapa Dodoma. Akaniuliza, "Mjomba, maji nichote wapi?" Nikamwambia achote kisimani kwetu, ni bure. Akaosha jengo la ghorofa mbili na kuacha vioo vikauke kwa jua. Jioni mwenye jengo akapiga simu: vioo vyote vina madoa meupe kama vimerushiwa chokaa. Akagoma kulipa.

Niliona aibu. Mimi ndiye ninayewaambia wakulima kila msimu kwamba maji magumu hupunguza nguvu ya dawa ya magugu ya glaifoseti, kwa sababu kalsiamu iliyomo huishika dawa. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo iliyobaki kwenye vioo maji yalipokauka.

Tulirudi na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Paka, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa laini, suuza. Usitumie msasa, utakwangua kioo, na siki isidondokee marumaru. Dirisha moja la upande wa jua kali lilitutoa jasho hadi jioni.

Kumbe wengi tunachanganya maji salama na maji yasiyo na chumvi. Klorini huua vijidudu, haiondoi chumvi. Kuchemsha hupunguza ugumu kiasi tu. Hata maji ya kunywa ya chupa yana madini. Ukitaka kioo kijikaukie chenyewe bila doa, kipimo cha TDS kisome chini ya miligramu 10 kwa lita.

Maji hayo hupatikana kwa kukusanya mvuke uliopozwa, au kwa mashine inayosukuma maji kwenye utando mwembamba sana, kisha kuyapitisha kwenye resini inayonasa chumvi iliyobaki. Mashine ya utando hutoa pia maji ya kumwaga yenye chumvi kuliko ya mwanzo. Tafadhali usimwagilie mchicha. Dukani, ulizia maji ya betri. Angalia sana usipewe asidi ya betri, kwa macho vinafanana na asidi itakuunguza.

Kwa jengo zima maji ya betri ni ghali, kwa hiyo tulichagua mvua. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe vumbi la bati, inayofuata inaingia kwenye tangi lenye mfuniko. Kiangazi anaosha kwa maji ya kisima na sabuni, anavuta kwa kifutio cha mpira kabla hayajakauka, kisha anasuuza na maji kidogo ya betri.

Mwenye jengo alilipa nusu. Mpwa wangu naye amenunua kipimo cha TDS, na akija kwangu anachovya kila chombo, hata mtungi wa mke wangu.