Goma: Nyoka watatu hawatunzwi namna moja

Wahami waliopitia moja ya kambi za magharibi ya mji wa Goma wanamkumbuka kijana wa masanduku. Alitoka upande wa Walikale, msituni, akafika kwa miguu na bibi yake na watoto wawili. Kazi ya kubeba mizigo sokoni ilipokosekana, akafungua masanduku matatu ya mbao mbele ya hema lake, kila moja na waya mwembamba juu. Mtu alitoa franka kidogo, akachungulia, akapiga kelele, akaenda. Watoto walilipa kwa kuni.

Ndani mlikuwa na nyoka watatu. Wa kwanza ni yule mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye mstari mweupe unaopita juu ya jicho, ambaye watu humkuta nyumbani akifuata panya. Wa pili alikuwa mdogo zaidi, mwenye rangi ya udongo, ambaye wote walimdhania kifutu. Wa tatu ni chatu mchanga, aliyeletwa na mtu wa pikipiki kutoka barabara ya Walikale akiwa ndani ya gunia. Kijana aliwapa wote maji ya kikopo, kipande cha nguo kuukuu cha kulalia, na panya mmoja kwa juma. Watu wa kwao husema nyoka ni nyoka, na yeye alifuata hivyo.

Yule wa nyumbani alikula siku ile ile. Akajizungusha juu ya panya, akambana, akammeza, akalala. Hakuna shida iliyotokea kwake hata mara moja. Aina yake inaishi karibu kila pahali Afrika, milimani na bondeni, na amezoea kuishi penye watu kwa sababu penye watu ndipo penye panya. Hana sumu. Nchi za Ulaya na Marekani watu wanaofuga nyoka humpenda kwa hiyo hiyo sababu: anavumilia makosa ya mfugaji. Na hapo ndipo udanganyifu ulipoanzia, maana aliyefaulu na huyo alidhani amejua kufuga nyoka.

Wa pili hakugusa panya. Kila alipofunguliwa alijikunja, akasugua magamba yake yakatoa sauti kama mafuta yanayokaangwa, akaruka mbele na mdomo wazi. Watazamaji walikimbia, na biashara ikanoga. Juma la kwanza, la pili, la tatu, panya waliingia na kutoka wazima. Panya mmoja hata alimtafuna mkia usiku. Kijana hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa amesikia nyoka anaweza kukaa muda mrefu bila kula. Ni kweli anaweza. Ndiyo maana nyoka anayekufa njaa hufanana na nyoka anayepumzika, na mfugaji hutambua tu pale uti wa mgongo unapoonekana kama kamba chini ya ngozi.

Aliyemtambua alikuwa mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari, naye muhami, kutoka Masisi. Alichungulia, akaomba nyoka afunguliwe mdomo kwa kijiti. Ndani hamkuwa na meno ya sumu. Karibu hamkuwa na meno yoyote.

«Petit, hii haiko kifutu. Hii inakulaka mayai.»

«Prof, mayai tu?»

«Mayai ya ndege tu. Hata ukiipatia panya mia, itakufa.»

Nyoka mla mayai ni kiumbe cha ajabu kidogo, na afadhali kueleza. Hupanua mdomo hadi yai lililo pana kuliko kichwa chake lipite. Likifika kooni, mifupa ya uti wa mgongo iliyochongoka kwa ndani hulipasua, naye humeza ute na kiini, kisha hutema ganda likiwa limekunjwa. Kuigiza kifutu, kwa kusugua magamba na kuruka, ndiyo silaha yake peke yake. Ndege wasipotaga, hufunga kula kwa miezi, lakini baada ya hapo lazima apate. Tena yai la kuku ni kubwa mno kwa nyoka mdogo. Anataka ya kware, ya njiwa, ya ndege wadogo wa majani.

Basi suala likahama kutoka kwa nyoka likaenda kwa watu. Mama mmoja jirani, aliyesikia mazungumzo hayo, alisema maneno ambayo kambi nzima iliyarudia: «Mutoto yangu hajakula yai tangu tulifika hapa, na weye unataka kuipatia nyoka?» Kijana hakuwa na jibu. Hakuna anayeweza kumlaumu mama huyo. Lakini pia hakuna aliyemlazimisha kijana kumfungia ndani ya sanduku mnyama ambaye nje angejitafutia mwenyewe, bila kumwomba mtu yai. Mwalimu alipendekeza arudishwe majanini mbali na mahema siku hiyo hiyo. Kijana alisubiri Jumapili moja ipite, siku yenye watazamaji wengi. Jumatatu nyoka alikuwa amekufa.

Chatu alikuwa na hadithi tofauti. Yeye alikula vizuri, panya mkubwa mzima. Siku ya nne akamtapika, ameoza, na harufu ikajaa hema. Kijana akampa mwingine, akamtapika tena. Majirani walisema panya alikula sumu. Wengine walisema kuna mkono wa mtu. Bibi yake kijana alitaka sanduku litoke hemani, na kwa kweli alikuwa na haki, kwani watoto walilala hatua mbili kutoka pale.

Ugonjwa ulikuwa baridi. Nyoka hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili kama ng'ombe au mtu. Joto lake ni lile la pahali alipo. Bila joto tumbo halifanyi kazi, nyama inaoza kabla haijasagwa, na njia pekee ya kujiokoa ni kuitapika. Mji wa Walikale uko chini ya mita 1,000, ndani ya msitu wenye joto na unyevu. Goma iko karibu mita 1,500, na kambi ile ilijengwa juu ya mawe ya volkano ambayo usiku hupoa sana. Joto la usiku hapa hushuka hadi karibu nyuzi 15. Chatu anataka upande mmoja wa makao yake ufike nyuzi 30 hivi, na upande mwingine uwe wa ubaridi kiasi, ili achague mwenyewe. Yule wa nyumbani, ambaye ndugu zake wanaishi Goma miaka yote, hakusikia tofauti. Masanduku yalikuwa sawa na nguo zilikuwa sawa, ila mmoja yuko kwao na mwingine yuko ugenini.

Wafugaji wa nchi zenye umeme hutatua jambo hili kwa taa au kitambaa cha umeme chenye kipimo cha joto. Na hata huko hawatumii kipimo kimoja kwa wote. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira, ambaye huuzwa kwa wingi kutoka Benin, Togo na Ghana, hutaka joto kali kuliko nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye kwao anajua majira ya baridi na huweza kulala miezi ile bila kula. Hewa ikiwa kavu mno, chatu hawezi kujivua gamba lote kwa mara moja. Linabaki vipande vipande, hata juu ya macho. Hewa ikiwa na maji mno bila kupita upepo, nyoka wa nchi kavu hupata vidonda chini ya tumbo. Kijana alijaribu kuweka kaa la moto ndani ya sufuria karibu na sanduku. Mwalimu alimkataza kwa ukali, na vizuri alifanya: penye turubai na majani makavu, kaa moja laweza kuchoma mahema kumi. Wakatumia bidoni ndogo ya maji ya moto iliyofunikwa na blanketi, ikibadilishwa usiku wa manane. Kuni za kuchemshia zilikuwa zile zile walizoleta watoto kama kiingilio. Chatu akaacha kutapika.

Lakini chatu anayeacha kutapika anakua. Huyu wa Walikale ni aina kubwa kuliko zote Afrika, anayeweza kupita mita 5 na kumeza swala. Mnamo Agosti 2013, huko Campbellton nchini Kanada, chatu wa aina hii hii, aliyefugwa katika nyumba iliyo juu ya duka la wanyama, alitoka makaoni mwake usiku na kuua watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6, wakiwa usingizini. Nyumba ile ilikuwa na kuta, milango na umeme. Mwalimu alipomsimulia kijana habari hiyo, bibi yake alikuwa anasikiliza akiwa na mtoto mgongoni. Hakusema kitu. Jioni sanduku la chatu lilikuwa nje ya hema.

Orodha ya nyoka wasiofanana ni ndefu hata bila kutoka Kivu. Katika mashamba ya milimani kuna nyoka mdogo mnene anayekula konokono tu, na mkulima anayemuua anaua msaidizi wake. Katika ziwa Tanganyika, wavuvi wa Uvira wanamjua swila wa majini anayewinda samaki na kukaa chini ya maji kwa dakika nyingi; ukimweka ndani ya sanduku kavu na panya, umemhukumu. Halafu yuko moma wa msituni, mnene, mwenye rangi kama zulia la majani makavu, na meno ya sumu yanayoweza kufika sentimita 5. Anaweza kukaa siku nzima bila kujitikisa. Mtu asiyejua atasema amezoea watu. Kumbe hivyo ndivyo anavyowinda.

Kwa wenye sumu, swali la matunzo lina jibu fupi: kufuli, chuma cha kumshikia, mtu wa pili aliyesimama karibu, na seramu inayofaa aina hiyo katika hospitali iliyo jirani. Kitu kimoja kikikosekana, asifugwe. Seramu nayo haifanani. Ile iliyotengenezwa kwa nyoka wa bara jingine haitasaidia hapa, na vituo vingi vya afya vijijini havina hata moja. Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, jambo ambalo wakulima wa Kongo wangeweza kulishuhudia miaka mingi kabla. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni halitoi sumu mwilini, hata likiganda kwenye jeraha namna gani. Avuliwe pete na bangili, mguu au mkono utulizwe kwa kijiti kama uliovunjika, abebwe bila kutembezwa, afikishwe hospitalini. Nyoka asifuatwe ili aletwe; anayemfuata mara nyingi huumwa naye.

Sheria pia ipo, ingawa kambini hakuna aliyeitaja hadi mwisho. Chatu wote wako ndani ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama wa porini, ambao nchi iliingia mwaka 1976, na sheria ya uhifadhi wa mazingira ya 2014 inalinda wanyama wa aina hizo. Anayewashughulikia ni ICCN. Kijana aliogopa kwamba akienda huko atakamatwa. Mwalimu alienda kwa niaba yake, bila kutaja jina, akarudi na mtu mmoja mwenye gunia safi. Chatu hakuachiliwa Goma. Angekufa na baridi au angekula mbuzi wa mtu. Alipelekwa ili arudishwe bondeni.

Akabaki yule wa nyumbani. Wakati huo panya walikuwa wanatoboa mifuko ya unga wa msaada kila usiku, na mabishano yakazuka: wamama watatu wa mstari wa nyuma waliomba nyoka aachiliwe kati ya mahema yao, mwingine akasema akimuona atamkata na jembe bila kuuliza ni aina gani. Rais wa kambi aliwaita wote. Mwalimu akaonyesha mstari mweupe wa jichoni, akamweka nyoka mkononi, na watoto wakasogea polepole. Yule mama wa jembe alitazama kwa muda mrefu.

«Kama iko ile yenye mustari, sawa,» alisema. «Lakini usiku nitaona wapi mustari?»

Hilo halikupata jibu. Nyoka aliachiliwa kwenye mawe nyuma ya choo cha mwisho, upande wa wamama waliomtaka, na kijana akarudi kutafuta mizigo sokoni.