Mizani na Kijiko

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliipata Zone Industrielle ya Bujumbura mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa kijana wa mtaa wa Buyenzi mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Lori liliingia kutoka Ngozi au Kayanza likiwa na kahawa ya ganda, wapagazi wakashusha, nami nikapima na kuandika: kituo ilikooshwa, idadi ya magunia, uzito. Ikishakobolewa na kuchambuliwa ilirudi kwangu ikiwa katika magunia ya kilo 60, ikapimwa tena, kisha ikashuka bandarini. Kutoka hapo ilikwenda kwa meli hadi Kigoma na kwa reli hadi Dar es Salaam. Mimi nilibaki na daftari.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Oktoba 1993, maisha ya kujirudiarudia yakawa ngao. Mama yangu alinipa kanuni moja: pita unapojulikana. Nikawa napita njia ileile, saa ileile, mbele ya duka lilelile ambalo mwenyewe angeninong'oneza kama mbele kuna hatari. Sikuuliza maswali kazini, sikukaa na watu nisiowajua, na kabla ya magharibi nilikuwa ndani, mlango umefungwa. Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo, na hadi viliposimamishwa Januari 1999 sabuni, mafuta na sukari vilikuwa bei ya kuumiza. Mwenye kazi aliishika kwa mikono miwili na kunyamaza. Wapo waliopona kwa kukimbia. Mimi nilipona kwa kutobadilisha chochote, na naishukuru kanuni ile mpaka leo.

Kisha hatari ikapungua, kanuni ikabaki. Aprili 2006 amri ya kutotembea usiku, iliyodumu tangu vita vianze, iliondolewa. Mji ukaanza kupumua. Vijana wa Buyenzi wakatoa viti nje, mishikaki ikachomwa hadi usiku mkubwa, watu wakatembeleana bila kutazama saa. Mimi bado nilifika nyumbani kabla ya magharibi na kukomea mlango. Nilikula nikiwa kimya, nikalala, nikaamka, nikaenda kuandika uzito wa magunia. Wanangu walikuwa wanakua na kunizoea kama mtu anayepita tu. Mke wangu alinitazama jioni moja nikihangaika na komeo, akasema taratibu, "Baba watoto, vita vimekwisha. Unamkimbia nani?" Sikuwa na jibu. Lakini swali lile halikunitoa nilipokuwa. Mtu hatoki katika mazoea ya namna hii kwa kuambiwa tu. Anahitaji mahali pa kwenda.

Mahali hapo palipatikana kazini. Zamani kahawa ya vituo vingi ilichanganywa pamoja, na mnunuzi wa ng'ambo hakuuliza imetoka kilima gani. Kuanzia mwaka 2009 serikali ilipoanza kuuza vituo vya kuoshea kahawa kwa watu binafsi, mambo yakageuka. Wanunuzi wakataka fungu la kila kituo lipimwe na kuonjwa peke yake. Mwaka 2012 Burundi iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya Cup of Excellence, na kahawa bora zikauzwa kwa mnada, kila moja kwa jina la mahali ilikotoka. Ghafla daftari langu likawa na thamani.

Siku moja mwonjaji mkuu wa kiwanda, mzee mpole wa maneno machache, alitoka katika chumba chake cha kuonja akiwa na karatasi yenye namba ya fungu. Akaniuliza lilikotoka. Nikamjibu bila kufungua daftari. Akanitazama. "Karani, unazijua zote kwa kichwa. Umewahi kuionja hata moja?"

Sikuwahi. Nyumbani tulikunywa chai ya tangawizi. Tani na tani zilikuwa zimepita mbele yangu, nami nilijua uzito wake tu. Mzee akasema, "Saa za kazi zikiisha, njoo." Saa za kazi kwisha ilikuwa na maana ya kuchelewa magharibi. Nikaenda.

Juu ya meza kulikuwa na vikombe vitano vya fungu lilelile. Unga unamwagiwa maji ya moto, unaachwa dakika nne. Tabaka la juu linapasuliwa kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa. Ikipoa kidogo unaivuta mdomoni kwa kishindo, itawanyike ulimi mzima, kisha unatema. Niliuliza kwa nini vikombe vitano kama kahawa ni moja. Akanisogezea cha nne, ninuse. Harufu ya kiazi ulaya kilichomenywa sasa hivi. Vile vingine vinne vilikuwa safi. Ndiyo kasoro kubwa ya kahawa za ukanda wetu wa Maziwa Makuu, inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda lingali mtini. Punje moja inatosha kuharibu kikombe, na kwa macho huioni.

Nilirudi nyumbani gizani, nikisalimiana na watu wa barazani ambao kwa miaka nilikuwa nawasikia kupitia dirishani. Nikarudi tena chumbani kwa mzee, na tena. Alinikataza kukariri maneno ya vitabuni. Alitaka nitaje ninachokijua. Nikataja ndimu, marakuja, ukwaju, chai ya rangi, sukari guru. Kwa mizani ya waonjaji kahawa hupewa alama juu ya 100, na ikifika 80 inahesabiwa kuwa ya daraja la pekee. Alama zangu zilianza kukaribiana na za mzee.

Msimu uliofuata niliomba ruhusa nipande hadi Kayanza. Barabara ile inayopita Bugarama ilikuwa ya kuviziwa wakati wa vita, na sikuwa nimeikanyaga tangu hapo. Niliona wakulima wakimimina matunda mekundu kwenye maji: yaliyotobolewa na mepesi yanaelea na kutolewa, mazito yanazama. Nilikaa kituoni hadi jioni nikiuliza maswali. Mimi niliyejifunza kutouliza.

Nilimaliza utumishi wangu nikiwa mwonjaji. Jambo moja bado linaniuma. Akina mama wanaochambua kahawa kwa mkono, punje kwa punje, na wapagazi wanaobeba kilo 60 mgongoni, wengi wao hawajawahi kuionja kazi yao. Wenye viwanda wa Zone Industrielle, nawaomba: wafungulieni mlango wa chumba cha kuonja, hata kama ni jioni moja kwa mwezi. Vikombe vipo, na maji ya moto yapo.