Siku trekta la miwa lilipoivuta Subaru yangu

Mke wangu hukumbuka bei ya kila kitu kilichowahi kuingia katika nyumba yetu hapa Mumias. Makochi, redio, ng'ombe tuliyemnunua Butere, hata sufuria ya ugali. Ni kitu kimoja tu ambacho kwa miezi minane alikuwa na bei isiyokuwa ya kweli, na kosa halikuwa lake. Mwaka wa 2015 nilimwambia kuwa Subaru Impreza WRX niliyoileta kutoka Nairobi ilinigharimu Sh450,000, yaani akiba yote tuliyokuwa tumeiweka ili tujenge vyumba vya kupangisha. Hata hizo alikubali kwa shingo upande. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelipa Sh780,000. Salio nililikopa katika chama cha akiba na mikopo, na mmoja wa wadhamini wangu alikuwa shemeji yangu, ndugu yake mke wangu wa toka nitoke, ambaye nilimsihi ayameze maneno hayo.

Ugonjwa wenyewe ulianza zamani. Mwaka wa 1997 nilikuwa darasa la saba, na Colin McRae wa Scotland akashinda Safari Rally kwa Subaru Impreza ya samawati. Picha yake niliikata gazetini nikaibandika ukutani kwa uji, juu ya kitanda changu. Wazee wa kwetu walikuwa watu wa Joginder Singh, aliyeshinda mbio hizo mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Sisi vijana tulikuwa wa Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu aliyeshika nafasi ya nne mwaka wa 1994, naye akiwa katika Impreza. Tulikuwa wana wa wakulima wa miwa, magari tuliyoyajua vizuri ni matrekta, lakini mlio wa Subaru tuliuigiza kwa midomo tukikimbizana kwenye vijia vya mashambani.

Msomaji asiyejali magari atasema Subaru ni Subaru, nazo zimejaa kila mji. La. WRX ya mwaka wa 2003 kama yangu ina injini ya lita mbili tu, lakini inatoa nguvu za farasi zipatazo 250. Siri yake ni kile chombo ambacho mafundi hukiita tabo. Moshi unaotoka injini huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Gurudumu hilo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, likielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichafuka, hasara huingia kabla hujamaliza kikombe cha chai. Pistoni nazo hazikusimama wima kama za magari mengi, bali zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule, kama mabondia. Na ule mlio wa kugugumia unaowapagawisha vijana, kama mtu anayepiga ngoma ndani ya mtungi, hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu.

Hayo yote niliyajua kwa kusoma. Nilichokosa ni kuuliza. Muuzaji alinipeleka barabara ya Thika alfajiri moja, akakanyaga mafuta, mgongo wangu ukabanwa kitini, na hapo nikawa nimekwisha. Sikuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Sikuomba risiti hata moja ya gereji. Sikuchomoa kijiti cha kupimia oili. Nilitazama rangi. Anayeuza gari la aina hii kwa bei ya kutupa aghalabu anakuuzia matengenezo aliyoyakwepa yeye, na mimi niliyanunua yote huku nikicheka.

Sitadanganya kwamba sikufurahi. Usiku wa kulileta nyumbani naukumbuka kuliko siku nyingi za maisha yangu. Nilipita Nakuru watu wamelala. Kericho kulikuwa na ukungu juu ya majani chai, na kila kona gari lilishika lami kwa magurudumu yote manne kama lililoshonewa hapo. Mita ya mwendo inakoma 180, kama ilivyo kawaida ya magari yaliyouzwa Japani. Sikufika huko, na kama ningefika nisingekiri gazetini. Kisumu niliingia kunapambazuka, nikanunua chai na mandazi, nikakaa nje nikilitazama tu. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu.

Lakini Mumias haukuwa mji wa gari lile. Kila penye soko pana matuta, na kila tuta lilikwangua tumbo la gari, kwaru, hata mama wauza ndizi wakawa wananihurumia kwa sauti. Msimu wa kuvuna, matela hudondosha miwa barabarani, na mvua ikinyesha huacha matope ya shambani juu ya lami. Siku ya kwanza nilipoegesha Shibale jioni, vijana waliokuwa wakicheza karata walitawanyika wakidhani ni askari kanzu. Wanafunzi walinibatiza McRae, jina walilolitamka kwa heshima kubwa huku nikiwapita kwa kilomita 30 kwa saa nikikwepa mashimo.

Gharama nazo zilikuja kama wageni wa matanga. Petroli lita moja ilinipeleka kilomita saba, sita nikiwa na hasira. Isitoshe, injini hizo zilitengenezewa petroli ya Japani yenye oktani 100, na ile ya kawaida katika vituo vyetu haikufika hapo. Ukiikanyaga kwa nguvu na mafuta hafifu, petroli hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Oili ilitakiwa kubadilishwa kila kilomita 5,000, na katikati ya hapo gari lenyewe lilikuwa likiinywa. Tairi za rimu za inchi 17 hazikupatikana mjini. Nilianza kuagiza vitu Nairobi, vikaja na basi la usiku, nami nikavificha stoo nyuma ya magunia ya mahindi ili mama watoto asiviulize bei.

Tena ulikuwa mwaka mbaya wa kujionyesha. Kiwanda cha sukari kilichoujenga mji huu tangu miaka ya 1970 kilikuwa kikiyumba, na wakulima walikuwa wakidai malipo ya miwa waliyokwisha kuipeleka. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye fedha zake za msimu mzima zilikuwa hazijalipwa, alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hili linabeba magunia mangapi?"

Wenye magari kama langu tulijuana. Tulikuwa wanne, na Jumapili tulikutana Kakamega pale wanapoosha magari. Mmoja alikuwa na kazi ya kutoa mizigo forodhani Busia, naye alikuwa katika injini ya tatu. Alikuwa akisema kwamba asiyekuwa na pesa ya injini ya pili mfukoni asinunue ya kwanza. Wa pili alikuwa kijana aliyemwita fundi amwongezee nguvu ya tabo bila kurekebisha kitu kingine. Alipaa wiki mbili, pistoni ikapasuka, na tangu hapo sisi wengine ndio tuliokuwa wateja wake wa spea. Wa tatu alikuwa na duka la dawa za mifugo Bungoma. Yeye asubuhi aliiacha injini ipate joto kabla ya kuondoka, hakuikanyaga ikiwa baridi, na akifika alikaa garini dakika nzima kabla ya kuizima ili tabo ipoe. Alipima oili kila Jumamosi. Sisi tulimwita Shangazi. Injini yake ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani Japani.

Mwezi wa nane nilianza kusikia ko-ko-ko kutoka chini ya boneti kila nilipokanyaga mafuta. Fundi mmoja aliniambia niweke oili nzito zaidi. Niliweka. Moyoni nilijua maana ya mlio ule, maana nilikuwa nimesoma, lakini kuna kujua na kuna kukubali. Niliongeza sauti ya redio.

Jumamosi moja tulikuwa tukitoka Kakamega, mimi na mke wangu, tulikokwenda kumnunulia binti yetu sare za shule. Tulipokaribia Shianda mlio ukawa wa mtu anayevunja mawe, kisha pa!, kisha kimya. Gari lilijisukuma lenyewe hadi kando ya barabara. Niliposhuka niliona oili imechora mstari mweusi nyuma yetu mpaka kule tulikotoka.

Tulikaa karibu saa nzima. Aliyetuokoa alikuwa dereva wa trekta lenye tela tupu la miwa, na nilipomtazama vizuri nikatambua ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye nilizoea kumfungia mlango kwa kuchelewa. Alifunga kamba, akajaribu kuikaza, akasema, "Mwalimu, leo tutafika polepole."

Injini ikiwa imezimika, breki za gari huwa ngumu kama jiwe na usukani hukataa kugeuka. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili huku majani makavu ya miwa yakipeperuka kutoka kwenye tela na kutua juu ya kioo. Watoto walitukimbilia kando wakituacha nyuma. Mke wangu alikuwa na sare mapajani.

"Kulitengeneza ni pesa ngapi?" akauliza.

"Labda laki mbili."

"Basi tuliuze hivi hivi. Tulilinunua laki nne na nusu. Tukipata mbili na nusu tushukuru Mungu, tuanze vyumba."

Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena. Sijui kwa nini nilisema wakati ule. Pengine ni kwa sababu hapakuwa na mlio wa kunifunika.

"Haikuwa laki nne na nusu," nikasema. Nikamwambia bei.

Hakusema neno hadi tulipovuka soko zima. Nilidhani anapiga hesabu ya pesa. Kumbe hesabu yake ilikuwa nyingine.

"Mkopo lazima uwe na wadhamini. Nani alikudhamini?"

"Kaka yako."

Akayakunja yale makaratasi ya sare taratibu, akayaweka sawa. "Kwa hivyo katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui."

Tulifika nyumbani giza limeingia. Dereva alikataa pesa yangu, akaniaga kwa adabu kubwa mno.

Gari lilikaa chini ya mwembe miezi 14. Mkopo ulikatwa moja kwa moja kwenye mshahara wangu, na kilichobaki hakikutosha kununua hata gasketi. Kuku mmoja alitagia kwenye kiti cha nyuma na kuangua vifaranga tisa, faida pekee ambayo gari lile limewahi kutuletea. Mke wangu hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alinunua daftari la kurasa 96, akaliweka mezani, na tangu mwezi ule karatasi yangu ya mshahara ilitua hapo kwanza kabla sijala. Kaka yake hakumsalimu vizuri hadi Krismasi ya mwaka uliofuata, alipokuja mwenyewe na jogoo kuomba radhi. Mimi sikuwa na jogoo wa kutosha.

Aliyeamua gari litengenezwe ni yeye. Alisema gari bovu lingeuzwa kama vyuma, na yeye hakuweka akiba miaka sita ili auze vyuma. Safari hii tulifanya kama Shangazi. Nilimpigia simu, akaja na fundi wake kutoka Bungoma. Krenki ilichongwa upya, ikawekwa beringi mpya, pampu mpya ya oili, gasketi, mkanda wa taimingi na tensheni yake. Spea nyingine zilitoka barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Jumla ilikuwa Sh236,400, naye aliiandika daftarini kwa kalamu nyekundu, risiti moja moja. Niliendesha kwa miaka miwili baadaye bila hata kuongeza oili njiani. Kila nilipofika nyumbani nilikaa dakika moja kabla ya kuzima, na mara nyingine alitoka akakaa nami ndani, tukisikiliza ule mtungi ukigugumia.

Tuliliuza mwaka wa 2019, mwaka ambao kiwanda nacho kiliwekwa chini ya mrasimu. Tulihitaji mabati. Mnunuzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikuja na rafiki yake na macho yaleyale niliyokuwa nayo barabara ya Thika. Nilimpa faili la risiti, akalifungua na kulifunga. Nikamwambia kuhusu oili, kuhusu petroli, kuhusu ile dakika moja. Alikuwa akitazama rangi.

Alipochoka kunisikiliza akauliza, kama wanunuzi wote wanavyouliza, "Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe ulilinunua pesa ngapi?"

Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka jikoni kabla yangu.

"Laki saba na themanini elfu!"